Sigara ya moja moja ipigwe marufuku kwa vitendo

Serikali ikitaka kuwasaidia Wakenya waache sigara, haina haja ya kutunga sheria mpya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti, na pakiti yenyewe isipungue sigara 10. Lakini nenda duka la mtaani hapa Likoni uombe moja. Utapewa, na moto juu yake.

Nasema haya nikiwa mgonjwa. Nimeendesha malori kati ya bandari ya Mombasa na Malaba miaka mingi, na sigara ndiyo iliyokuwa ikinifukuzia usingizi tukishapita Mtito Andei. Sasa nina ugonjwa sugu wa mapafu. Majirani huuita pumu. Wengine wakinisikia nikikohoa alfajiri hudhani ni TB. Si hiyo wala si hiyo. Njia za hewa zimebana na vifuko vya hewa vimeharibika: pumzi huingia, kutoka ndiyo kazi. Kutawadha natawadha nimekaa kigodani, maana kuinama kuosha miguu kunanikata pumzi. Ngazi nazipanda nikitoa hewa polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepuliza chai ya moto, jinsi nilivyofundishwa kliniki.

Pafu lililokwisha kuharibika halirudi. Pampu ya dawa hunifungua kifua, lakini kinachopunguza kasi ya ugonjwa wenyewe ni kuacha sigara. Nami nimeacha, kwa taabu.

Arosto ya sigara huwa kali zaidi siku na wiki za mwanzo: hasira za bure, usingizi wa mang'amung'amu, vidole havina pa kukaa. Mtu aliye katika hali hiyo hanunui pakiti, kwa kuwa ameshajiapia. Kinachomwangusha ni sarafu zilizomo mfukoni na dirisha la duka, ambako kibiriti cha gesi kimefungwa kwa uzi kwenye nondo ili mteja asiondoke nacho. Kijana wa ndani naye ana adabu zake: "Shikamoo mzee. Nikupe ile yako?" Hana nia mbaya. Anauza tu.

Kuna na hili. Tangu 2016, pakiti za sigara nchini zina picha za kuonya kuhusu madhara yake. Anayenunua moja haioni picha hiyo. Inabaki dukani pamoja na pakiti. Na wanunuzi wa moja moja ni nani? Ni kibarua na mwanafunzi, wasiomudu pakiti nzima. Hata ushuru ukipanda, wao huuhisi kidogo kidogo, hauwashtui.

Wenye maduka watasema tunawakatia riziki. Faida ya sigara ya moja moja naijua, na sitaki askari waanze kwa kumwaga biashara ya mama mwenye kibanda. Waanze kwa wasambazaji. Hao ndio wanaoleta pakiti mlangoni mwake, na wanajua fika zitafunguliwa vipi.

Kwa upande wa pili, mvutaji apewe msaada. Shirika la Afya Duniani liliingiza plasta na chingamu za nikotini katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Dawa hizo hupunguza arosto, nazo zinastahili kuwekwa katika zahanati za umma, karibu na mwananchi kama sigara ilivyo karibu naye. Kumwambia mtu "acha" halafu umwache peke yake na lile dirisha ni kumtania.

Maafisa wa afya ya umma wa kaunti, sheria mnayo. Tokeni ofisini mkaisimamie. Nawe mwenye duka, mteja akiomba moja, mwambie ni pakiti au hakuna. Huenda ukamkosesha sigara aliyokuwa akitafuta sababu ya kuiacha.