JPEG ije mwisho
Wapiga picha wa harusi mlioko Kitengela, JPEG isiwe ya kuanzia kazi. Shuka nyekundu na shanga za Kimaasai kwenye jua kali la Kajiado huisumbua kamera: JPEG ya kawaida ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 ina 16,384, hivyo wekundu uliozidi mwanga una nafasi ya kuokolewa. Tena kila ukihariri JPEG na kuihifadhi upya, kuna kitu kinatupwa. Haririni RAW, wekeni TIFF (najua, inajaza diski, na diski ni ghali), kisha mteja apewe JPEG. PNG iacheni kwa nembo na kadi. WhatsApp? Tumeni kama dokumenti; ikienda kama picha hubanwa tena, na bibi harusi atawalaumu nyinyi.