Nusura niwamwage uduvi mtoni Sigi!

Nipo hapa hapa Tanga. Leo nakuletea kisa cha mapenzi, ila wapenzi wenyewe ni uduvi. Usicheke! Sisemi wale wakavu wa kuunga na nazi. Hawa ni wekundu kama pilipili, urefu wao sentimita 2 hadi 3, wanaishi maji baridi. Asili yao ni Uchina na Taiwan, na kazi yao ni kupamba tangi la kioo pale sebuleni.

Mshikaji wangu wa Dar alinipa 10. Mtoto wa mjini nikajiona nimefika! Nikanunua tangi la lita 40, nikajaza maji ya bomba, nikawatia siku hiyo hiyo. Kulipokucha, wote chali.

Nilipompigia simu, mshikaji alinipa maneno yangu. Kosa la kwanza, maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi siku moja au mbili kwanza. Kosa la pili, tangi lilikuwa bichi. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo kwa uduvi ni sumu. Wapo bakteria wa kuigeuza ikawa kitu kisicho na madhara makubwa, ila wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye mchanga na kwenye sponji ya kuchujia maji. Kwa hiyo unaweka maji, majani ya majini na chembe ya chakula kila siku, halafu unasubiri. Unaangalia tangi tupu mwezi mzima, na wageni wanakushangaa.

Nilisubiri, nikapewa 10 wengine. Mambo yakawa bomba, mpaka jioni moja mdogo wangu wa kike alipopuliza dawa ya mbu chumbani. Uduvi na mbu ni ukoo wa mbali, kinachomuua huyu kinamuua na yule. Watatu wakaondoka. Siku hizi nyumba nzima tunalala kwenye chandarua, kwisha maneno. Dawa za samaki zenye shaba nazo usizisogeze, ni kaburi lao.

Sasa yale mapenzi. Jike akishajivua gamba, mwili ukiwa bado laini, anatoa harufu majini. Wee! Madume yote yanachanganyikiwa, yanazunguka tangi kama vijana wa kijiweni wamesikia kuna disko. Siku chache baadaye unamwona mama kabeba mayai 20 au 30 chini ya mkia, anayapepea kwa vijiguu usiku na mchana kwa karibu mwezi mzima. Wakitoka, ni uduvi kamili, wadogo kama ncha ya sindano. Lile gamba usilitoe, watalila wapate madini. Chakula chao ni kipande cha mchicha uliochemshwa kidogo. Ukizidisha, umerudisha amonia.

Baada ya miezi mitatu hivi, watoto nao wanaanza kuzaa. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Mwaka haujaisha, saba wangu walikuwa wamepita 200, na wa kuwanunua hakuna!

Nikapata wazo. Maji tunayokunywa Tanga yanatoka mto Sigi, kupitia bwawa la Mabayani. Nikajiambia, hawa wamekulia maji ya Sigi, basi niwapeleke kwao. Nikatia mia na ushee kwenye ndoo, nikapanda basi hadi Muheza, kisha gari la Amani, nikashukia Sigi kwa mjomba, mkulima wa hiliki.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Ndoo ya nini hiyo?"

Nikamweleza. Akachungulia, akacheka.

"Wazuri. Wanakula nini?"

"Ule ukungu wa kijani kwenye mawe, mjomba."

"Na hawa wetu waliomo mtoni wanakula nini?"

Nikanyamaza.

"Wakizidi humu, utakuja na kijiko kuwachota?"

Mpenzi msomaji, niliishiwa maneno, maana mifano ninayo. Mwaka 1970 kamba wekundu wa Marekani waliletwa Ziwa Naivasha kule Kenya. Wakashambulia majani ya majini, mayungiyungi yakatoweka sehemu kubwa ya ziwa. Gugu maji nalo lilitoka Amerika Kusini kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likaonekana Ziwa Victoria, na wavuvi wanajua lilichowafanya. Hata uduvi hawa hawa wangu, Ujerumani na Poland wamekutwa wakizaana kwenye maji ya mito yaliyopashwa joto na viwanda. Sigi ikifika bondeni haihitaji kiwanda kuipasha.

Na msitu ule wa Amani una viumbe wasiopatikana kwingine popote duniani. Nani kaniruhusu mimi, mpangaji wa chumba kimoja, niwaletee mgeni asiyejua kuaga?

Nilirudi Tanga usiku, ndoo magotini, abiria wakiniuliza kama nauza mboga. Nimewagawa bure kwa majirani na washikaji, kila mmoja kwa ahadi kwamba hataachia hata mmoja mtoni. Nawe ukianza kufuga, maji machafu ya tangi usiyamwage mtaroni, maana vitoto havionekani kwa haraka. Mwagilia maua au tuta la mchicha, kwenye udongo mkavu. Mchicha utakushukuru.

Waliobaki kwangu ni 30. Jana jike mmoja kajivua gamba, na vijana wa kijiweni wameanza tena kuzunguka. Nahitaji majirani wapya!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.