Msaidizi Huyu Anaingia kwa Jina la Nani?

Na Zuhura Mbwana

Ahadi inayouzwa maofisini siku hizi inavutia kweli. Mwambie msaidizi wa akili mnemba, kwa maneno yako ya kila siku, "Tafuta ankara ambazo hazijalipwa tangu Juni, waandikie wateja hao ukumbusho, kisha tupangie kikao na mhasibu Jumatano," naye atafungua mfumo wa mauzo, atapitia barua pepe, ataandika barua na kuweka kikao kwenye kalenda. Kazi ya asubuhi nzima inakwisha chai ikiwa bado ya moto.

Sipingi jambo hili. Karani anayenakili namba kutoka barua pepe kwenda Excel, kutoka Excel kwenda mfumo wa mauzo, na kutoka huko kwenda WhatsApp ya bosi, anamalizia nguvu zake kwenye kazi isiyomfundisha chochote. Apunguziwe. Ninachokishikilia ni kwamba kabla ofisi haijakubali, ijue msaidizi huyo anaingia kwenye mifumo yake kwa jina la nani, kwa ruhusa ya kiasi gani, na ni nani anayeweza kumfungia mlango siku mambo yakiharibika.

Akili mnemba yenyewe, ikiachwa peke yake, inajua kutunga maneno tu. Haioni stoo yako wala kalenda yako. Ili ifike huko, lazima mtu aijengee njia, na hapo zamani kila msaidizi alihitaji njia yake kwa kila mfumo. Wasaidizi watano na mifumo ishirini ni njia mia moja za kujenga na kuzitunza. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa kanuni ya pamoja iitwayo MCP, ambayo kila mwenye mfumo anaweza kuifuata mara moja akafikiwa na wasaidizi wote wanaoielewa. OpenAI, washindani wao, wakaikubali Machi 2025, na Desemba ya mwaka huo ikakabidhiwa kwa mfuko ulio chini ya Linux Foundation ili isibaki mali ya kampuni moja.

Lakini kanuni haitunzi funguo za mtu. Kuna kuingia kwenye kila mfumo, kuhuisha ruhusa zinapokwisha muda, kurekebisha pale mwenye mfumo anapobadilisha mambo bila taarifa, na kuandika nani kafanya nini saa ngapi. Ofisi yenye mtu mmoja wa tehama, ambaye ndiye huyohuyo anayeitwa printa ikigoma, haiwezi kazi hiyo. Ndipo yanapoingia majukwaa ya kuunganisha mifumo: unalipa kwa mwezi, nao wanashika mzigo wote. Kwa ofisi ndogo huo ni msaada wa kweli, na sidhani kuna njia nyingine iliyo nafuu zaidi.

Mzigo wanaoushika, hata hivyo, una kitu kimoja cha kuangaliwa kwa makini. Unapobonyeza "Ruhusu" ili msaidizi asome barua pepe zako, neno lako la siri haliendi kokote. Mfumo wa barua pepe unatoa tokeni, msururu mrefu wa herufi na tarakimu, kwa utaratibu uitwao OAuth ambao toleo lake la pili lilichapishwa Oktoba 2012. Utaratibu ni mzuri: unaweza kutoa ruhusa ya kusoma bila ya kuandika, na unaweza kuifuta tokeni bila kubadilisha neno la siri. Lakini tokeni ya kawaida haimjui mwenye nayo. Yeyote anayeishika, mfumo unampokea kana kwamba ndiye wewe. Na jukwaa la katikati linashika tokeni za wateja wake wote, kama mlinzi wa jengo aliyetundikiwa funguo za wapangaji wote kwenye ubao mmoja.

Agosti 2025 ubao huo uliibwa. Kampuni ya Kimarekani ya Salesloft ilikuwa na huduma iitwayo Drift, msaidizi wa mazungumzo anayewajibu wageni wa tovuti na kuingiza taarifa zao kwenye mfumo wa wateja wa Salesforce. Wavamizi walikuwa wameingia kwanza kwenye ghala la msimbo la Salesloft, wakavuka hadi kwenye mitambo ya Drift, wakachukua tokeni ambazo wateja walikuwa wamezitoa. Kati ya tarehe 8 na 18 Agosti walizitumia kuchota data kutoka Salesforce za kampuni moja baada ya nyingine. Salesforce yenyewe haikuvunjwa. Ilifungua mlango kwa tokeni halali. Tokeni zote za Drift zilifutwa tarehe 20. Google, waliochunguza tukio hilo, walisema mashirika yaliyoweza kuathirika yalizidi 700, na waliojitokeza hadharani ni pamoja na Cloudflare, Zscaler na Palo Alto Networks, kampuni ambazo kazi yao ni kuwalinda wengine.

Nilipokuwa nikisoma taarifa za tukio hilo, mambo mawili yalinikaa. La kwanza ni walichokuwa wakikitafuta. Ndani ya data waliyoiiba, wavamizi walisaka maneno ya siri na funguo za mifumo mingine, maana watu huandika vitu hivyo kwenye ujumbe wanaoutuma kuomba msaada. Cloudflare ilikuta tokeni zake 104 ndani ya data iliyochukuliwa, ikazibadilisha zote. La pili ni kisa cha kampuni ya Okta. Nao walilengwa, nao tokeni yao ilijaribiwa, lakini walikuwa wameweka sharti kwamba tokeni hiyo ikubaliwe tu inapotumika kutoka anwani za mtandao zinazojulikana. Mvamizi alikuwa na tokeni mkononi na hakupita. Sharti moja, lililowekwa kabla ya siku ya shida, lilitosha.

Kuna hatari nyingine isiyohitaji mwizi wa tokeni, nayo ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1988 Norm Hardy, mhandisi wa programu wa Marekani, aliandika makala fupi kuhusu kisa cha kampuni ya Tymshare. Walikuwa na programu ya pamoja iliyopewa ruhusa ya kuandika kwenye folda yake ili itunze takwimu za matumizi. Kwenye folda hiyohiyo kulikuwa na faili la bili za wateja. Mtumiaji alipoambiwa ataje faili la kuwekea matokeo yake, akataja lile la bili. Yeye hakuwa na ruhusa ya kuligusa, ila programu ilikuwa nayo, nayo ikatii. Bili zikafutika. Hardy aliiita programu hiyo naibu aliyechanganyikiwa: inatumwa na mmoja, inatumia mamlaka iliyopewa na mwingine, na haijui kuzitenganisha hizo mbili.

Msaidizi aliyeunganishwa na kila kitu ofisini ni naibu wa aina hiyo, tena anayesoma barua za wageni. Juni 2025 watafiti wa Aim Security walitangaza udhaifu waliouita EchoLeak katika Copilot, msaidizi wa Microsoft 365. Ilitosha mtu wa nje kutuma barua pepe moja iliyofichwa maagizo ndani yake. Mfanyakazi hakuhitaji kubonyeza chochote. Siku ambayo angemuuliza msaidizi jambo linalohusiana na barua hiyo, msaidizi angeisoma, angeyachukua maagizo yake kama ya bosi wake, na kuzipeleka nje taarifa za ndani. Microsoft iliziba tundu hilo na kusema hakuna mteja aliyedhurika. Tabia iliyoleta tundu ingalipo: kwa msaidizi, maneno ya mteja, ya mwizi na ya mkurugenzi yote yanafika yakiwa maandishi. Hakuna jukwaa linaloweza kukuapia kwamba halitadanganyika. Linaloweza kufanya ni kuhakikisha kwamba hata likidanganyika, mkono wake haufiki mbali.

Kwa hiyo naiona kuwa hatari kubwa ile njia ya mkato ambayo ofisi huipenda: kuunganisha msaidizi kwa akaunti ya msimamizi mkuu wa mfumo, ili kila kitu kifanye kazi siku ya kwanza bila usumbufu. Ukifanya hivyo, karani wa mapokezi anayemuuliza msaidizi swali la mishahara atajibiwa. Msaidizi aende kwa ruhusa za yule aliyemtuma, si zaidi. Asiyeruhusiwa kuona mishahara kwa macho yake asiione kwa kinywa cha msaidizi. Majukwaa mazuri yanaweza hili; gharama yake ni kwamba kila mfanyakazi lazima abonyeze "Ruhusu" mwenyewe, na wakubwa hawapendi kusubiri.

Kwenye fedha tayari tunao utaratibu wetu, tuliouzoea benki na kwenye malipo ya simu ya kampuni: anayeandaa malipo siye anayeyaidhinisha. Msaidizi aandae. Aidhinishe mtu, tena aidhinishe akiwa amefungua mfumo wenyewe wa malipo, akiona jina la mpokeaji na kiasi, badala ya kuandika "sawa" kwenye mazungumzo na msaidizi. Nasisitiza hapo kwa sababu muhtasari unaoandikwa na msaidizi aliyedanganywa nao utakuwa umedanganya.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania 1 Mei 2023, inatenganisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake, inawataka wasajiliwe na Tume iliyoundwa na sheria hiyo, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Kenya na Uganda zina sheria zao tangu 2019. Ukiunganisha mfumo wa wagonjwa au wa wanafunzi kwenye jukwaa ambalo mitambo yake iko ng'ambo, umesafirisha taarifa za watu, hata kama hukuinuka kitini. Mkuu wa shule au wa zahanati hawezi kusema hakujua kwa sababu kilichofanyika ni kubonyeza kitufe.

Anayenihangaisha zaidi, hata hivyo, ni mfanyakazi wa chini. Msaidizi anapotenda kwa akaunti yake, kumbukumbu za mfumo zinaandika jina lake: fulani alifuta oda, fulani alituma orodha ya wateja. Mkaguzi akija miezi sita baadaye ataona jina hilo tu. Binti aliyeajiriwa mwaka jana atathibitishaje kwamba siku hiyo yeye aliomba muhtasari na msaidizi ndiye aliyefuta? Kumbukumbu lazima ziandike wote wawili, aliyetenda na yule ambaye kwa niaba yake kimetendwa, pamoja na agizo lilivyotamkwa, na mfanyakazi awe na haki ya kuzisoma zinazomhusu. Hili liingie kwenye mkataba na muuzaji wa jukwaa, na liingie pia kwenye kanuni za utumishi. Vyama vya wafanyakazi navyo vidai hilo bila kusubiri kesi ya kwanza.

Na mfanyakazi anapoacha kazi, tokeni alizozitoa zife siku hiyohiyo. Ofisi nyingi hukumbuka kuchukua kitambulisho na kompyuta. Tokeni hubaki hai kwenye jukwaa, na msaidizi huendelea kuingia kwa jina la mtu aliyekwisha kuaga.

Muuzaji akija kuonyesha jukwaa lake, mwombe jambo moja kabla hajafungua picha zake: aunganishe mfumo mmoja wa majaribio, kisha mtu wako mwenyewe wa tehama aukate, pasipo kupiga simu kwa yeyote, na mhakikishe pamoja kwamba umekatika. Ikiwezekana, kalenda na vikao vinaweza kuanza kuunganishwa. Mishahara, malipo na faili za wateja zisubiri.