Ombi Likikataliwa, Tuulize Kilichopungua

Kila msimu wa udahili vijana wetu wa Tukuyu na vijiji vya Rungwe hutuma maombi ya uzamili na uzamivu katika nchi hizi za ughaibuni tunazoishi: mwalimu wa sekondari, tabibu wa hospitali ya Makandana, afisa ugani anayeshinda kwenye mashamba ya chai na parachichi. Wengi hujibiwa kwa aya moja tu, kwamba waombaji walikuwa wengi na nafasi chache. Mwaka unaofuata nyaraka zilezile hutumwa kwingine bila kuguswa hata nukta. Msimamo wa jarida hili ni kwamba aliyekataliwa aulize sababu, tena aulize kwa namna inayojibika. Asipouliza, ada ya maombi imekwenda na funzo hakulipata.

Swali la "kwa nini mmeninyima?" humlazimisha ofisa wa udahili kutetea uamuzi wa kamati, naye atarudia yaleyale ya barua ya kwanza. Afadhali kuandika hivi: "Nashukuru kwa kulipitia ombi langu. Siombi uamuzi ubadilishwe. Nakusudia kuomba tena. Je, palipolegea zaidi ni matokeo yangu, andiko la utafiti au barua za wadhamini?" Hapo ofisa anaweza kutaja jambo moja, na jambo moja linatosha. Chukua mfano wa GPA (wastani wa alama) ya 3.8. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupima kwa 5.0, na alama hiyo ni daraja la pili la juu, shahada nzuri kabisa. Anayeigeuza kwa uwiano mtupu kwenda kipimo cha 4.0 anapata 3.04, na mwombaji anaonekana wa kawaida. Akiambiwa kwamba matokeo ndiyo yaliyomwangusha, safari ijayo ataambatanisha maelezo ya madaraja ya chuo chake. Kwa uzamivu, aulizwe mhadhiri aliyetarajiwa kusimamia. Huenda hana nafasi, au mada haimhusu, na uwezo wa kijana haukuwa na dosari.

Wapo watakaosema vyuo na wafadhili hawajibu. Ni kweli kwa kiasi. Ufadhili wa Chevening, kwa mfano, huwa hautoi maelezo ya mmoja mmoja kwa walioachwa, na Marekani sheria inayompa mwanafunzi haki ya kuona kumbukumbu zake haimhusu ambaye hakudahiliwa. Lakini Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria ya taarifa binafsi humruhusu mwombaji kudai nakala ya taarifa zake, pamoja na maoni ya waliomtathmini, na kwa kawaida hujibiwa ndani ya mwezi mmoja. Ila Uingereza barua za siri za wadhamini zina kinga dhidi ya dai hilo. Njia hii itumike mwishoni, kwa kuwa dai la kisheria huondoa ukarimu kwenye mazungumzo. Wengine wanahofia kuonekana wasumbufu. Msumbufu ni anayebishana na jibu. Barua moja ya heshima, isiyodai kitu, haimpi mtu sababu ya kukasirika. Wengine watasema tatizo ni fedha tu. Yawezekana, na hilo nalo lafaa kujulikana: aliyekubalika kitaaluma akakosa ufadhili hana haja ya kuandika andiko upya, ana haja ya kutafuta mfadhili mwingine.

Hata hivyo jibu la mtu mmoja ni dogo mno kulitegemea, na hapa ndipo jumuiya yetu ya ughaibuni inapoingia. Tunawaomba waliojibiwa watuletee majibu yao, majina yakiwa yamefutwa, na wanajumuiya waliopitia kamati za udahili wayasome pamoja na waombaji wapya. Majibu mengi yakinyooshea kidole andiko la utafiti, tutaandaa mafunzo ya kuandika. Yakinyooshea barua za wadhamini, basi tumekuwa tukiwalaumu vijana bure, na wa kuzungumza nao ni wahadhiri wanaowaandikia barua hizo.