Dodoma tunakunywa mafuriko ya zamani

Mteja akinipigia simu mwezi Oktoba kwamba kisima kimekauka, kwa kawaida hakijakauka. Nazima pampu, nasubiri maji yatulie, kisha nateremsha kamba ya kupimia mpaka niisikie ikigonga maji. Yapo, ila yameshuka chini ya pampu. Mteja anafurahi: “Basi fundi, tuongeze bomba mbili.” Tunaongeza, maji yanatoka, ananilipa. Wanaouliza kwa nini yameshuka ni wa kuhesabu.

Mji huu kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Usawa wa maji pale umekuwa ukipimwa tangu miaka ya 1950, hazina ambayo sehemu chache sana za Afrika zinayo. Mwaka 2013 watafiti waliochambua kumbukumbu hizo walionyesha jambo ambalo kila mwenye kisima hapa angepaswa kulijua: mvua ya kawaida ya Dodoma karibu haiongezi kitu chini. Usawa hushuka mwaka baada ya mwaka, halafu unakuja msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi na kuupandisha. Elinino ya 1997/98 ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi. Ni kama mtu anayelipwa mshahara mara moja kwa miaka kadhaa huku watoto wakila kila siku.

Na watoto wameongezeka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika wilaya ya mjini. Ya 2022 ikakuta 765,179. Serikali imehamia hapa, na kila kiwanja kipya Iyumbu au Nala kinataka kisima chake.

Kwenye vikao nasikia hoja inayopendwa sana: tuvute kiasi kilekile ambacho mvua inaingiza, basi tutakuwa salama. Charles Theis, Mmarekani, aliivunja hoja hiyo mwaka 1940. Kabla hatujachimba, maji yale yalikuwa na pa kwenda: chemchemi, mto, mizizi ya miti. Pampu ikianza, kwanza inakula akiba, ndiyo maana usawa unashuka. Baadaye inaanza kunyang’anya chemchemi na miti, au kuvuta maji zaidi kutoka mtoni, na usawa hautulii mpaka kinachonyang’anywa kilingane na kinachovutwa. Hilo linaweza kuchukua miongo. Kwa hiyo kisima kinachotoa vizuri leo hakithibitishi chochote kuhusu mwaka 2045. Ninaposikia mchimbaji akimwambia mteja “hapa maji hayaishi”, huwa natamani amwandikie kwa maandishi.

Makutupora sehemu kubwa ya maji huingia kupitia mchanga wa Kinyasungwe Ndogo, mto unaotiririka wakati wa mvua tu. Watafiti wameona kwamba muda ambao mto unatiririka una uzito kuliko ukubwa wa mkupuo wake. Mchanga huo ndio mlango wa kisima chetu, na mtu anayeziba mabonde ya mito kwa ukuta wa nyumba, au kuugeuza mkondo ili maji yapite haraka yasimsumbue, anatufungia mlango huo. Yeye anadhani anapambana na mafuriko.

Wapo wanaosema tusubiri bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria. Yaje, tena haraka. Ila visima vya watu binafsi havitafungwa siku bomba la ziwa litakapofika, kwa sababu maji ya kisima hayana bili ya mwezi.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Kila kisima kirefu kinachopewa kibali kiwe na mita, na pembeni ya bomba la pampu kiwekwe kibomba chembamba cha kupimia, ambacho bei yake haifikii bei ya waya wa pampu yenyewe. Vipimo vibandikwe ofisi ya mtaa, msimu wa mvua na wa kiangazi. Na vibali vikokotolewe kwa miaka mibaya, kwani najua mvua kubwa ikija usawa utapanda, na foleni ya waombaji itapanda nao. Kibali kiseme wazi: usawa ukifika alama fulani, kuosha magari na kumwagilia majani ya bustani vinasimama kwanza, kabla mtu yeyote hajapunguziwa ndoo yake.