SEHEMU YA 7: Kimeo, na ule woga wa kulaumiwa

Leo tuongee kimeo, maana meseji zenu ni nyingi.

Mtoto amekohoa siku kumi, usiku hakuna anayelala. Shangazi anasema hicho ni kimeo, kimerefuka, apelekwe kwa mzee fulani akakatwe. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa: "Mbona hata wewe ulikatwa?" Mjadala umefungwa.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho, na kinasaidia kuziba njia ya puani tunapomeza. Mtoto akiwa na mafua koo linavimba, na chenyewe kinavimba humo humo. Sasa kikohozi cha mafua kinaweza kwenda wiki mbili, hata tatu, kikaisha chenyewe. Anakatwa wiki ya pili, anapona wiki ya tatu, sifa anachukua mkataji. Yule aliyevuja damu mpaka akaongezewa, au wembe ukamletea maambukizi, hasimuliwi popote.

Mtanisamehe kwa hili. Kwa niliyoyaona wodi ya watoto, nadhani wengi hata hawaamini kimeo. Wanaogopa. Ukimvuta mama pembeni, hakutaka. Baba naye hakutaka. Bibi, ukimbana vizuri, hana uhakika. Lakini nani awe wa kwanza kukataa? Mtoto akikatwa akafa, ni mipango ya Mungu, ukoo mzima ulikubaliana. Usipomkata akafa, ni wewe: mjuaji, umetuulia mtoto. Basi kila mmoja anamtazama mwenzake, na anayepanuliwa mdomo ni yule ambaye hakuulizwa.

Tena wapo wakubwa wanaoumia zaidi neno lao likipingwa kuliko mjukuu akitema damu. Ndiyo, nimesema.

Kwa hiyo mama, usiende kubishana na mila kwenye kikao, watakushinda. Sema tu: "Nesi kasema nimpeleke kwanza hospitali, tukirudi tutazungumza." Lawama nibebesheni mimi, nimezoea. Bibi njoo naye, kiti kipo.

Ila usisubiri kikao ukiona anapumua haraka: miezi 2 mpaka 11, mara 50 au zaidi kwa dakika; mwaka 1 mpaka 5, mara 40 au zaidi, ukimhesabia akiwa ametulia. Au kifua kinabonyea kwa chini akivuta pumzi, hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na kila siku mnayopoteza kwa mkataji ina gharama yake. Kikohozi kikifika wiki mbili, au nyumbani kuna mwenye kifua kikuu, mlete apimwe.

Kama ameshakatwa na damu inatoka au ana homa, mlete hivyo hivyo. Usifiche, tuambie alikatwa lini.

Kesho ni meno ya plastiki. Mama wakwe, naomba mniombee.