Umuravumba ni dawa, lakini si ya kila kidonda

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayemngojea nyumbani, leo tuzungumze juu ya jani mnalolijua kuliko mimi. Hapa Muheto, kama ilivyo ng'ambo Rwanda, umuravumba hupandwa karibu na nyumba. Mtoto akikohoa, huchumwa. Tumbo likiuma, huchumwa. Ngozi ikiwasha au ikitoa usaha, huchumwa tena.

Wako wauguzi wanaocheka wakiona majani yamefungwa juu ya mguu wa mgonjwa. Mimi sichekeshwi. Mwaka 1986 Luc Van Puyvelde na wenzake, waliofanya kazi Butare, walieleza kwamba wametenga ndani ya umuravumba kitu kinachozuia bakteria na kuvu za namna kadhaa. Wazee wetu, basi, hawakuchagua jani hilo kwa kubahatisha.

Lakini tuangalie vizuri kilichopimwa. Watafiti walitoa kitu kimoja katika mmea, wakakisafisha, wakakipima kwa kiasi kinachojulikana. Vijidudu vilikuwa ndani ya vyombo vya maabara. Havikuwa kwenye mguu wa mchimbaji uliokaa siku nzima ndani ya buti lenye maji ya matope. Jani lililotwangwa juu ya jiwe nyuma ya jiko, nani ajuaye lina dawa kiasi gani? Tena limekuja na udongo wake.

Udongo huo ndio unaonitia hofu. Ndani yake, na ndani ya mavi ya ng'ombe ambao ni wengi katika milima hii ya Masisi, hukaa mbegu za kijidudu cha pepopunda. Mbegu hizo huvumilia hata maji ya moto, kwa hiyo usiniambie kwamba majani umeyachemsha kidogo. Zikiingia katika kidonda chenye kina, kama kile cha msumari au cha ncha ya sululu, taya hukaza, mwili hupindika, na mara nyingi mtu hufa. Kwa hiyo maoni yangu ni haya: ngozi nzima isiyopasuka, ukitaka kupaka umuravumba, paka. Ngozi iliyokatika, usitie jani lolote. Osha kwa sabuni na maji safi mengi, funika kwa kitambaa safi, uje kwenye dispansari siku ileile, si baada ya juma moja.

Upele nao ni habari nyingine. Ukiwashwa sana usiku, hasa katikati ya vidole, yawezekana ni kadudu kanakochimba ndani ya ngozi (nako kachimbaji, ila hakana leseni). Majaribio yale niliyoyataja yalihusu bakteria na kuvu, si kadudu hako. Dawa yake hupakwa na watu wote wa nyumba siku moja, na nguo na mablanketi yafuliwe siku hiyohiyo. Akipakwa mtoto mmoja tu, atarudishiwa upele na ndugu yake kitandani.

Na vipele vyenye maji au usaha, vikija pamoja na homa na tezi zilizovimba shingoni au kwenye kinena, msivifanyie kazi nyumbani hata kidogo. Kamituga, mji wa wachimbaji kule Kivu Kusini, ndiko aina mpya ya mpox ilikotambuliwa baada ya wagonjwa wa mwaka 2023, na mwezi wa Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura. Ugonjwa huo hupita kwa kugusana. Mkono unaompaka mgonjwa majani ndio huo utakaombeba mtoto.

Akina mama, ninyi hupewa chanjo ya pepopunda mnapokuja kupimwa mimba. Wanaume wanaoshika sululu hawana mimba ya kuwaleta kwetu. Jioni ya leo, akivua mabuti, muulize baba wa nyumba alichanjwa mwaka gani. Akishindwa kujibu, mlete.